Kabla hujaitupa hiyo kompyuta, iulize inasubiri nini

Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi mbele ya wenye steshenari na vijana wa mtaani kwetu Manzese. Wengi mliniomba niyaandike, basi nimeyaandika vilevile nilivyoyasema, na maswali ya katikati nimeyaacha humohumo.

Bwana asifiwe, asalaam aleikum, wakubwa zangu shikamooni, vijana mambo vipi. Asanteni sana kuja na jua hili. Naona wengine mmekuja na mabegi ya laptopu mapajani, safi sana, tutazigusa mwishoni.

Mimi ni fundi, wengi mnanijua, meza yangu ipo Kariakoo mwaka wa 14 huu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: fundi, hii niiongezee nguvu au nijichange ninunue nyingine? Nimeomba tuliongee leo taratibu kwasababu watu wanaumia kwa hili swali, wanaumia kwa kununua na wanaumia kwa kutengeneza, na hela yenyewe mnajua inavyopatikana.

Nianze na mama mmoja wa Tandale, ana steshenari, simtaji jina ila amenipa ruhusa niseme habari yake. Mwaka jana mwezi wa sita, ule msimu wa watoto kuomba mikopo ya chuo HESLB, mnajua foleni zinavyokuwa, mtoto kashika cheti cha kuzaliwa, mzazi kasimama nyuma yake, kila mtu anataka kuskani na kuaplodi leo leo. Sasa mashine yake ilikuwa inagoma, ukibonyeza kitu unasubiri mpaka mteja anaanza kuangalia steshenari ya ng'ambo. Akaingia kwenye mkopo, ile ya kausha damu, akachukua laki sita akaenda dukani akanunua laptopu mpya kabisa, ipo kwenye boksi, ina plastiki kwenye kioo, inang'aa. Baada ya wiki mbili akaja mezani kwangu na mashine zote mbili. Anasema mwanangu, hii mpya nayo ni nzito, iangalie, na hii ya zamani ninunulie hata kama spea.

Nikaziweka pamoja. Ya zamani ni HP EliteBook 840 G3, prosesa i5 ya jenereshen ya sita, RAM GB 4, na diski ya kuzunguka. Mpya prosesa yake ni Celeron, RAM GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, na hifadhi ni ile eMMC ya GB 64 ambayo Windows ikishakaa na masasisho yake hapabaki kitu. Nikaiwasha ya zamani na simu mkononi napima muda. Dakika 6 na ushee mpaka aweze kuandika neno. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka Task Manager, nikamwita mama aangalie mwenyewe. Diski asilimia 100. Prosesa asilimia 9. Nikamwambia mama unaona hapa, hii mashine ina akili imekaa bure, inasubiri diski.

Nikamfungia SSD, ile diski isiyozunguka, ya GB 256 kwa elfu 75, RAM ya GB 4 nyingine kwa elfu 35 maana nafasi ya pili ilikuwa wazi, nikapiga Windows upya. Tukawasha zote kwa pamoja, ile ya zamani ikawa tayari kabla mpya haijamaliza kuonyesha nembo. Mama hakufurahi kama nilivyotegemea. Alikaa kwenye lile stuli langu kimya, halafu akaniuliza, sasa fundi ile laki sita? Marejesho ni kila wiki na yalishaanza. Sikuwa na la kumjibu, na ndo maana leo nimesimama hapa.

Kwahiyo neno langu kubwa leo ni kwamba umri wa mashine usikutishe, tafuta kwanza INASUBIRI NINI. Wangapi hapa mmewahi kufuatilia faili masjala? Naona mikono. Bosi amekaa, muhuri upo, wino upo, yeye yuko tayari kusaini, lakini karani yuko stoo anazunguka kwenye mashelfu anatafuta faili lako. Sasa ukimtoa yule bosi ukaleta kijana mwenye digrii mbili, faili litakuja haraka? Halitakuja, kwasababu shida ipo kwa karani. Bosi ndo prosesa, karani ndo diski, na RAM ni ile meza ya bosi, ikiwa ndogo mafaili mawili yamejaa, kila akitaka la tatu inabidi la kwanza lirudishwe stoo.

Ile diski ya zamani ndani yake kuna sahani kabisa, kwenye laptopu nyingi zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, na kuna mkono mwembamba unatembea juu yake kutafuta kitu chako kilipo. Safari moja inakula kama milisekunde 10 na zaidi. Unaweza kuona ni kidogo, lakini kuwasha Windows tu ni maelfu kwa maelfu ya safari hizo. SSD haina sahani wala mkono, kitu kinapatikana chini ya milisekunde moja, na kwenye kunakili mafaili makubwa diski ya kuzunguka ya laptopu inakupa MB 100 hivi kwa sekunde wakati SSD ya SATA ya kawaida inafika 500. Ndo maana mtu mwenye diski ya kuzunguka namwambia bila kusita, kabla hujafikiria kitu kingine chochote toa hiyo. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu zikiitwa mbovu hiyo ndo dawa yake na hazihitaji nyingine.

RAM nayo ipo hapohapo kwenye Task Manager, panaandikwa Memory. Fungua vitu unavyofungua siku zote, brauza yako na tabu zako kumi, Word, na WhatsApp ya kompyuta, halafu angalia. Ikiwa imesimama asilimia 90 kwenda juu, ongeza. Ikiwa 50, usidanganywe na mtu ukaongeza, utalipa na hutaona tofauti. Na mjue RAM zina aina, DDR3, DDR4, DDR5, pengo la pale kwenye meno yake lipo sehemu tofauti kwa hiyo haziingiliani hata ukisukuma, usisukume utaua bodi. Nyingine zimechomelewa kama ile mpya ya mama, MacBook za miaka hii zote ziko hivyo, hapo ulichonunua ndo hichohicho mpaka mwisho. Na bei msishangae, tangu mwisho wa 2025 RAM zimepanda dunia nzima kwasababu viwanda vinazipeleka nyingi kwenye kompyuta kubwa za akili mnemba, kwahiyo fundi akikutajia bei ya juu kuliko ya mwaka jana usimwone mwizi moja kwa moja.

Sasa kuna kitu kingine ambacho hata mafundi tunakiruka, nacho ni joto. Kuna steshenari moja ipo ubavuni kabisa mwa mashine ya kusaga, ukuta mmoja. Kijana wa pale akaniletea laptopu anasema ikifika saa sita mchana inakuwa kama imelewa, ila asubuhi iko sawa. Nikatoa skrubu kumi za chini, nikafungua kava. Jamani. Feni ilikuwa nyeupe. Unga wa sembe umeingia siku baada ya siku, na unyevu wa hili jiji letu la pwani ukaugandisha, yale mapezi membamba ambayo hewa inapitia yamezibwa na kitu kama blanketi, nimekivuta na kibanio kikatoka kipande kizima, kina umbo la mapezi kabisa. Na ile pesti inayokaa katikati ya prosesa na shaba ilikuwa imekauka, ukiigusa na ukucha inamwagika kama chaki. Prosesa ikizidi joto inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, imetengenezwa hivyo, sasa fikiria joto la Januari hapa Dar, kibanda cha bati, na blanketi la unga juu yake. Nikasafisha na mswaki na blowa, nikapaka pesti mpya, elfu 15 kwa kila kitu. Yule kijana alikuwa ameshaanza kuulizia bei za laptopu Makumbusho.

Mkono umenyooshwa pale, karibu dada. (Aliuliza: basi fundi kila mashine inafaa kutengenezwa?)

Hapana dada yangu, na hapa naomba niseme kosa langu mwenyewe. Kuna kijana anahariri video za harusi na sendofu, alikuja na mashine ya i5 jenereshen ya pili, toleo la 2011. Nikamwekea SSD, akafurahi. Baada ya mwezi akarudi nikamuongezea RAM. Baadaye betri. Halafu kioo kikafa akaweka kioo. Jumla ilikaribia laki tatu na nusu, na bado video ya harusi moja alikuwa anaiacha ina-renda, yaani mashine inatengeneza video ya mwisho, usiku mzima na umeme ukikatika alfajiri anaanza upya huku maharusi wanapiga simu. Mimi sikumuuliza siku ya kwanza kazi yako ni ipi. Ningemwambia aanze kurenda halafu tukafungua Task Manager tungeona prosesa asilimia 100 na diski imelala, yaani bosi mwenyewe ndo kachoka, na bosi kwenye laptopu habadilishwi kirahisi, nyingi za miaka ya karibuni prosesa imechomelewa na bodi. Ile hela angeitumia kama msingi wa mashine nyingine. Nilimwomba msamaha, na tangu siku hiyo kabla sijagusa skrubu nauliza kazi.

Kwahiyo anayeandika barua, kuprinti, kujaza fomu za ajira na NIDA, kusoma, kufundishia, mashine ya jenereshen ya tatu au ya nne yenye SSD na RAM GB 8 inamtosha kwa nguvu kabisa. Anayehariri video, anayechora ramani za nyumba, anayetengeneza picha za pande tatu, asitupe hela kwenye kuukuu, ajipange. Na mashine ambayo bodi yake imeshaingiwa maji ya chai ikaota kutu ya kijani, au inazima yenyewe na imeshalehemewa mara mbili, hiyo iache ipumzike hata kama diski yake ni nzima. Mazabodi ikianza kusumbua haishibi.

Kuna hili la Windows, najua mnalisubiri. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Mashine haikuzimika, inawaka kama kawaida, ila matundu mapya yakigunduliwa hayazibwi. Windows 11 wanataka chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0 na kwa upande wa Intel prosesa kuanzia jenereshen ya nane. Jinsi ya kujua ni rahisi, soma namba: i5-6300U hiyo ni sita, i5-8250U ni nane, i5-10210U ni kumi. Mafundi tunaweza kuilazimisha iingie kwenye mashine ya zamani, ndio, lakini Microsoft wenyewe wanasema hawakuhakikishii masasisho, kwahiyo fundi akikuwekea akuambie hivyo usoni. Kama ni mtu wa intaneti na barua tu, Linux Mint, inayokaa badala ya Windows, ni ya bure, inapata masasisho, mashine ya zamani inaibeba vizuri. Nimewawekea walimu wawili na hawajarudi kulalamika. Kwa steshenari inasumbua kidogo, mteja analeta Word yake imepangwa vizuri ukiifungua kwa LibreOffice, ile programu ya kuandikia ya huko Linux, wakati mwingine mistari inahama, na hapo mteja anakuona wewe ndo umeharibu.

Na niwe mkweli, hata ile ya mama wa Tandale ni jenereshen ya sita, haimo kwenye orodha. Nimemuunganisha na ule mwaka wa nyongeza wa masasisho ya usalama ya Windows 10 ambao Microsoft wametoa kwa wanaojiandikisha, unaishia Oktoba 2026, na tumekubaliana kila wiki anaweka pembeni elfu 10 kwenye kibubu, hakuna tena kausha damu. Na flashi za wateja haziingii kwenye mashine anayofungulia benki yake, kwa benki anatumia ile Celeron, angalau nayo imepata kazi. Nyie wenye steshenari nawaomba sana, flashi moja inapita kwenye maduka kumi kwa siku, usiichomeke kwenye mashine yenye hela zako.

(Mzee mmoja akauliza: mwanangu, kama lazima ninunue, ya dukani mpya au mtumba?)

Shikamoo mzee wangu. Kwa hela ya kawaida yetu mimi nachukua mtumba wa kiofisi, hizi EliteBook, Latitude, ThinkPad, zilitumika maofisini Ulaya na Marekani, nyingi zinapitia Dubai ndo zinatufikia. Zilitengenezwa ngumu, zinafunguka kirahisi, nyingi RAM unaongeza. Laki sita ileile ya mama ingepata ya jenereshen ya nane yenye SSD, bosi mwenye mikono minne. Mpya ya bei hiyohiyo mara nyingi wamebana ndani ili nje ing'ae.

Ila mtumba unakaguliwa, mzee. Kaa nayo nusu saa hapohapo dukani, muuzaji akikuharakisha ondoka. Zima, washa, ingia kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, kwa HP ni F10, kwa Dell ni F2, ikidai paswedi na muuzaji haijui usiichukue, hiyo ilikuwa ya kampuni na kuifungua ni mateso. Bonyeza kila kitufe cha kibodi kwenye Notepad. Fungua na ufunge kioo usikilize hinji. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Halafu betri: andika cmd, ifungue, andika powercfg /batteryreport, inatengeneza ukurasa unaoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na leo inabeba kiasi gani, ikiwa imebaki nusu, mwambie akupunguzie bei ya betri. Na ukiona padi ya kugusa imenyanyuka au kava la chini limevimba, ni betri inafura, hiyo inaweza kushika moto, usiikandamize wala kuitoboa, itolewe.

Na SSD nazo, mimi mwenyewe niliuziwa duka moja Kariakoo, ya nje, boksi limeandikwa TB 2 kwa elfu 60. Nikaweka mafaili ya mteja. Yakaonekana yameingia yote. Kuyafungua, yale ya mwanzo yapo, mengine ni majina tu. Nikaipasua, ndani kuna kadi ndogo ya memori imebandikwa kwa gundi, programu imechezewa ijitangaze kubwa. Picha za msiba wa baba wa watu zilikuwa humo. Bahati diski yake ya zamani nilikuwa sijaifuta, na sasa ni sheria mezani kwangu kwamba diski ya zamani haifutwi mpaka mteja amefungua mafaili yake mwenyewe kwenye mpya na ameridhika. Mwombeni fundi wenu hivyohivyo. Na diski ikianza kugonga tik tik tik, usiendelee kuitumia, usiipige Windows, toa mafaili kwanza maana haina siku nyingi.

Mwisho kabla hatujaanza kazi. Hizi tunazotupa zinaenda wapi mnaona, vijana wa chuma chakavu wanachoma waya kupata shaba, ule moshi mweusi tunauvuta sisi na watoto wetu. Mwaka 2022 peke yake dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na chini ya robo ndo ilijulikana imekusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa. Mashine ikishakufa kweli leteni kwa fundi, kioo kinafaa, kibodi inafaa, chaja inafaa, ila toeni diski mkae nayo, mna vitambulisho vya wateja humo.

Haya, nimekuja na bisibisi, brashi na SSD mbili za kujaribia. Dada wa begi jekundu anza wewe, weka hapa mezani, usiizime, fungua kwanza vitu vyote unavyofungua siku ya kazi. Wengine sogeeni mwone, na yule kijana wa nyuma nisaidie kubonyeza Ctrl, Shift na Esc.